Kitabu cha Kutoweka kwa Viumbe, na Msoo wa Rau

Mwaka 2014 mwandishi wa Kimarekani, Elizabeth Kolbert, alitoa kitabu kiitwacho The Sixth Extinction, yaani Kutoweka kwa Sita, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Hoja yake ni kwamba viumbe wa dunia wamekwisha kufutika kwa wingi mara tano, na mara hii ya sita mkono unaofuta ni wa binadamu.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba hakihesabu waliokufa tu. Chatuonyesha kuwa aina ya kiumbe ikikatika, hukatika pamoja na wote ambao wangetokana nayo baada ya maelfu ya miaka. Hata wanaosalia hawabaki kama walivyokuwa. Kule Gorongosa, Msumbiji, vita vya 1977 hadi 1992 viliteketeza tembo kwa ajili ya pembe. Kabla ya vita, majike wasio na pembe hawakufika mmoja kwa watano. Miongoni mwa waliosalimika wakawa kama nusu, na wengi katika mabinti zao wakairithi hali hiyo. Utafiti huo ulitoka mwaka 2021, nao waipa nguvu hoja ya kitabu.

Lakini tuna neno na mwandishi. Mwishoni asema kuwa kujali au kutojali kwa watu si jambo kubwa. Kubwa ni kwamba watu huibadilisha dunia. Hapo twaachana naye. Lawama ikiwa ya binadamu wote, haina mwenyewe.

Tulipime neno lake kwa Rau, kando ya mji wa Moshi, ambako maji ya Kilimanjaro yapitayo chini kwa chini hulisha msitu wa hifadhi. Humo umo msoo, mti mkubwa unaoota sehemu chache tu za Tanzania na Kenya. Mti ukianguka msituni, hauangushwi na "binadamu". Yuko aliyeshika shoka, yuko mnunuzi, na yuko mwenye nyumba huku pwani aliyepokea mlango wake asiulize mbao zimetoka wapi. Na ukibaki umesimama, yuko aliyezuia.

Basi, msomaji mpenzi, kitabu kisome, kina elimu nyingi. Ila ukikifunga usijifiche ndani ya neno "binadamu". Amana huulizwa kwa aliyekabidhiwa, mmoja mmoja.