Mizani ya Mti

Mkulima wa Kyela hamwachii mtu mizani. Akipeleka kakao kupimwa, husimama palepale, macho kwenye namba, maana jasho la msimu mzima laweza kupotelea hapo. Lakini mti uliosimama kwenye miteremko ya Milima ya Livingstone, juu ya Matema, utaupandisha kwenye mizani gani? Mizani yake ni utepe, na anayeushika sharti awe fundi.

Mtazame akiwa kazini. Anasimama upande wa juu wa mteremko, anapima mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Anaondoa mmea mtambaazi uliokumbatia gome. Anazungusha utepe, kisha anauzunguka mti mwenyewe kuhakikisha haukulegea wala kulala upande. Shina likiwa limegawanyika chini ya kimo hicho, anahesabu miti miwili.

Tuseme utepe umesoma mzunguko wa sentimita 94: kipenyo ni sentimita 30 hivi. Mti una urefu wa mita 12, na mbao zake si nzito sana wala nyepesi sana. Kanuni ya mtafiti Chave na wenzake ya mwaka 2014, iliyotokana na miti 4,004 ya nchi za joto, itakupa kilo 350 hivi za mti mkavu, mizizi haimo. Karibu nusu yake ni kaboni. Sasa utepe ulegee na kulala upande, kipenyo kisomeke 33: kilo 70 zimezaliwa ambazo msitu hauna. Ndiyo sababu nauheshimu mkono usioona tabu kurudia kipimo.

Maarifa ya aina hii yaligharimu miti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo waliangusha miti ya miombo, wakachimba mizizi, wakapima kipande kwa kipande, wakakausha sampuli kwenye tanuri. Michache ilikatwa ili mingi ipimwe ikiwa hai. Kupima vibaya leo ni kuitupa kazi hiyo.

Na kaboni inayopimwa hivi ina thamani ya fedha: tayari vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimepata fedha za hewa ukaa kwa kutunza misitu yao, na kanuni za serikali za biashara ya kaboni nchini zimekuwapo tangu 2022. Siku wapimaji watakapofika kijijini kwako, fuatana nao msituni. Simama karibu na utepe kama unavyosimama karibu na mizani ya kakao.