Urefu Hauchezi Mpira

Kijana mrefu huonekana haraka. Mtu anamkuta kituo cha daladala au kwenye mstari wa shule, anampeleka uwanjani, anamsimamisha chini ya ringi na kumwambia anyooshe mikono. Haipiti miezi mingi kabla wenye midomo hawajatoa hukumu: huyu atafika mbali, yule ni mti tu. Methali inaonya kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kwa senta, yule mrefu wa chini ya ringi katika mpira wa kikapu, methali hiyo imekosa mahali pake, kwa maana ufundi wake ndio unaochelewa kuiva kuliko ufundi wa wote waliomo uwanjani.

Mchezaji mfupi huanza kudunda mpira angali mtoto, na mwili wake humfuata polepole. Kijana mrefu anaweza kuongezeka sentimita 10 ndani ya mwaka mmoja. Miguu aliyoizoea inageuka migeni, na hatua aliyoipima kwa jicho inapita alama. Wengi, hasa wa Afrika, huugusa mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza baada ya kupitia soka au mpira wa wavu. Tena senta hapati mpira mpaka apewe. Akifanya mazoezi na wenzake wasiojua kumpasia, jioni nzima itapita akikimbia huku na huko mikono mitupu. Hapo urefu wake unakua, ufundi umelala.

Aliyeuamsha ufundi huo mapema ni Ray Meyer, aliyeanza kuinoa timu ya Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, mwaka 1942. Alimkuta kijana wa miwani minene, mwenye urefu wa karibu mita 2.08 na miguu mizito, George Mikan. Siku zile makocha wengi waliamini kwamba mtu wa kimo hicho hafai kwa mchezo wa wepesi. Meyer alimfanya aruke kamba, akampeleka kujifunza dansi, akamtupisha mpira mamia ya mara kwa kila mkono. Simama chini ya ringi, tupa kwa mkono wa kulia, udake mpira kabla haujagusa chini, hamia upande wa pili, tupa kwa kushoto, na mikono isishuke. Zoezi hilo bado linaitwa kwa jina la Mikan, na watoto wanalifanya mpaka leo. Mikan mwenyewe akawa nyota mkubwa wa kwanza wa NBA, hata mwaka 1951 ligi ikalipanua eneo la mbele ya ringi kutoka futi 6 hadi futi 12 ili wanaume wa aina yake wasikae pale kama walioweka kambi.

Lakini anayetaka kuuona ufundi huu ukiwa umekamilika amtazame Hakeem Olajuwon. Huko Lagos alikuwa golikipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono. Alifika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980, na msimu wa kwanza hakucheza mechi hata moja. Majira ya joto alikwenda ukumbi wa mazoezi wa Fonde, mjini humo, kusukumana na Moses Malone, senta aliyekuwa amekwisha kutangazwa mchezaji bora wa NBA. Lile ndilo lililokuwa darasa lake.

Matunda yake yanahitaji kutazamwa polepole. Olajuwon anapokea mpira akiipa ringi mgongo. Hatazami nyuma, kwa mgongo anamsikia mlinzi ameegemea wapi. Bega moja linaelekea mstari wa mwisho, kichwa kinalifuata, mpira nao unasogea kidogo. Mlinzi akihamisha uzito wake, imekwisha: Olajuwon anazunguka juu ya mguu mmoja kwenda upande wa pili. Mlinzi akiwahi kurudi na kuruka, Olajuwon anasubiri apite hewani, kisha anaingiza hatua chini ya mkono wake na kuuweka mpira kikapuni. Katika yote hayo urefu umefanya kazi ndogo. Kazi imefanywa na nyayo, na nyayo zile zililelewa langoni mwa soka na kwenye mpira wa mikono. Akiwa na Houston Rockets alitwaa ubingwa mwaka 1994 na 1995, na mitupo 3,830 aliyoizuia ni rekodi ya ligi ambayo haijavunjwa. Nyuma yake katika orodha hiyo yuko Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyeingia Chuo Kikuu cha Georgetown akiwa na nia ya kuwa daktari, na aliyeanza NBA akiwa na miaka 25.

Sisi Watanzania tuna somo letu. Hasheem Thabeet alianza kucheza akiwa na miaka 15, akapitia Shule ya Sekondari Makongo, Dar es Salaam, na baadaye Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako alitajwa mara mbili kuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili kati ya vijana wote, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Februari 2010 alikuwa ameshashushwa ligi ya maendeleo. Alipita timu nne kwa misimu mitano, akatoka na wastani wa pointi 2.2 kwa mechi. Kejeli alizopata zilikuwa nyingi. Mimi nasoma mambo mengine: kijana mwenye miaka kama 7 tu ya kuujua mchezo alidaiwa matunda na watu waliokwisha kulipia msimu wa mavuno. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA anastahili heshima, na safari yake inastahili kuchunguzwa bila kicheko.

Joel Embiid wa Kamerun naye aliacha mpira wa wavu akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Alichaguliwa wa tatu mwaka 2014, jeraha la mguu likamweka nje misimu miwili mizima, na Philadelphia wakamsubiri. Mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Nikola Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka uleule wa 2014. Hana mruko wa kutisha, ana macho na mikono, na tuzo hiyo ameitwaa zaidi ya mara moja. Senta Brook Lopez katika misimu 8 ya mwanzo alifunga mitupo 3 tu ya pointi tatu. Msimu uliofuata akafunga 134, na mwaka 2021 akawa bingwa na Milwaukee. Kama mtu mzima aliyekwisha kupata jina anaweza kujifunza upya, kijana wa miaka 20 hana sababu ya kuandikiwa kaburi.

Simaanishi kila mrefu atakuwa nyota. Mifupa ya miguu ina mipaka yake. Senta Yao Ming alilazimika kustaafu mwaka 2011 kwa majeraha, ingawa ufundi alikuwa nao tele. Wengine hawaupendi mchezo, wameletwa na kimo chao tu. Hao tuwaache waende wanakotaka.

Kwa waliobaki, neno langu ni kwa makocha wa Dar es Salaam, wa Nairobi, na wa Lubumbashi alikotoka senta Bismack Biyombo. Msiwaache vijana hawa chini ya ringi wakisubiri mpira urudi kutoka ubaoni. Waacheni wacheze soka na wavu, wafundisheni mkono wa kushoto, wafundisheni wenzao kuwapasia, na msiwahukumu kabla miguu haijaafikiana na mwili. Urefu wamezaliwa nao. Yaliyobaki yote hufundishwa.