Padi ya Ndani

Wapo mafundi ambao ukiwaambia breki zinalia, wanakutajia bei ya padi mpya kabla hujamaliza kueleza. Mzee anayekuja kuhudumia RAV4 ya familia yetu hapa Tabata huanza na maswali. Zinalia ukikanyaga au ukiachia? Ni asubuhi tu, au kutwa nzima? Kinachotetema ni usukani, au ni pedali chini ya mguu? Mlio wa asubuhi unaokwisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu ni kutu nyembamba iliyoshika diski usiku, na kwa unyevu wa Dar es Salaam hiyo haina neno. Mlio mwembamba unaong'ang'ania mara nyingi ni wa kibati kidogo ambacho watengenezaji hukiweka kwenye padi makusudi, kiguse diski padi inapokaribia kwisha. Ukisikia mkwaruzo mzito, hapo ni chuma kwa chuma, na gari lisitoke getini.

Mara hii ugonjwa ulikuwa mwingine. Mke wangu, ambaye ndiye huliendesha zaidi, alisema gari linavuta kushoto na likifika nyumbani linanuka kuungua. Mzee akalichukua, akalizungusha mtaani akijitahidi kutokanyaga breki ovyo, akarudi na kusogeza kiganja karibu na kila ringi bila kugusa. Mbele kulia vuguvugu. Mbele kushoto, moto hasa. Kwa hilo tu masta silinda ilikuwa karibu imeshaondolewa lawamani, kwa sababu yenyewe husukuma mafuta ya breki kwa presha ileile kulia na kushoto. Gurudumu moja likichemka peke yake, chanzo huwa karibu nalo.

Akaweka mawe nyuma ya tairi za nyuma, akapiga jeki, akasimamisha gari juu ya stendi, kwa kuwa jeki ni ya kunyanyulia na haiaminiki kumlinda mtu. Akazungusha gurudumu kwa mkono. Zito. Sasa ikaja hatua ninayoiona kuwa ndiyo elimu yenyewe ya kazi hii. Kabla ya kufungua kalipa, alilegeza kidogo nipo yake, yaani kile kinjia cha kutolea upepo. Gurudumu likilegea papo hapo, maana yake kuna presha iliyonaswa, na mshukiwa wa kwanza ni mpira wa breki uliovimba kwa ndani: mafuta yanapita ukikanyaga, kurudi hayarudi. Gurudumu likibaki zito, presha haihusiki. Kuna chuma kimeganda, ama pistoni ama pini. Matone machache yakatoka. Gurudumu likabaki zito vilevile. Akafunga nipo, akafuta kwa kitambaa, na sasa akajua anakokwenda.

Kalipa ilipotoka aliining'iniza kwa waya kwenye springi, asiiache ikauvuta mpira kwa uzito wake. Padi mbili akazilaza juu ya boksi kwa mpangilio zilivyokaa: ya ndani hapa, ya nje pale. Ya nje ilikuwa nene, bado ina maisha. Ya ndani imekaribia bati lake, tena imelika kimshazari, nene juu na nyembamba chini.

Kwenye kalipa ya aina hii pistoni iko upande wa ndani peke yake. Inasukuma padi ya ndani, kisha mwili mzima wa kalipa unateleza juu ya pini mbili na kuivuta padi ya nje nayo ibane diski. Pini zikiganda, mwili hautelezi, na padi ya ndani inabeba kazi ya wawili. Ikilika kimshazari, pini moja inateleza na nyingine imekwama. Mzee hakuhitaji kueleza mengi. Aliinua ile padi, akapitisha kidole gumba juu yake, akaenda moja kwa moja kwenye pini ya chini. Ilitoka kwa kuzungushwa taratibu, kavu na nyekundu kwa kutu. Anayebadili padi bila kugusa pini anaiuzia familia tatizo lilelile mara ya pili, na nadhani ni dhuluma hata pale inapofanywa kwa kutojua.

Aliisugua pini kwa msasa laini hadi ikang'aa, akasafisha tundu lake kwa kitambaa kilichoviringishwa kwenye kijiti, akavisha kiraba kipya cha kuzuia maji. Grisi aliyotumia ni ya silikoni, maana ya kawaida ya beringi huvimbisha raba. Kisha akaisukuma pini ndani kwa kidole na kuiachia. Ikarudi yenyewe nusu inchi, polepole, kwa hewa iliyobanwa nyuma yake. Akarudia, ikarudi tena. Uso wake wakati ule ulikuwa wa mtu aliyeridhika kabisa, nami nikaridhika naye.

Upande wa kulia ulifunguliwa pia, kwa kuwa padi hubadilishwa kwa jozi. Diski akazipima na kulinganisha na kiwango cha chini kilichogongwa kwenye chuma chake, zilifaa.

Mafuta ya breki yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani: DOT 3 mapya huchemka si chini ya nyuzi 205, lakini yakishakunywa maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140 hivi. Kwa anayeshuka Lushoto kwenda Mombo na watoto nyuma, mguu ukiwa juu ya breki kona baada ya kona, tofauti hiyo ni kubwa. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na pedali inazama. Basi akamwita kijana wetu akae kwenye usukani.

"Kanyaga, mwanangu. Shika hapo."

"Nimeshika, mzee."

"Usiachie mpaka niseme."

Nipo ikafunguliwa, mapovu yakapita ndani ya kipira cheupe kuelekea kwenye chupa, nipo ikafungwa. "Achia." Walianza gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda, na kila mara mzee alichungulia kikopo cha mafuta kisije kikakauka na kuvuta hewa upya.

Nati za ringi zilikazwa kwa kupishana, moja kisha ya upande wa pili, kwa spana ya kipimo iliyowekwa 103. Baada ya kulijaribu gari barabarani alimpa mke wangu funguo. "Wiki hii usikanyage kwa ghafla, mama, labda iwe lazima. Padi na diski bado hazijazoeana. Na ukinijulisha mwisho wa mwezi, nitakuja nifungue na pini za nyuma."