Tadbiri ya Nahodha Mwenye Wageni katika Visiwa vya Eolie

Kaskazini ya Sisili, katika bahari ya Tirreno, viko visiwa saba vya volkano viitwavyo Eolie, yaani Lipari, Vulcano, Salina, Panarea, Stromboli, Filicudi na Alicudi, ambavyo kila majira ya joto huzungukwa na yoti za tanga zilizochukua wageni. Na mtu azitazamaye kutoka pwani, akiona matanga meupe na watu waliojinyosha sitahani, aghalabu hudhani kwamba hapo hapana kazi ila kula, kuogelea na kulala. Kazi ipo, na nyingi yake ni ya hisabu. Nahodha achukuaye wageni hutumikia mabwana wawili wasiopatana, tikiti ya ndege na upepo, na karibu kila shauri analolikata baina ya Juni na Septemba, liwe la njia, la nanga au la maji, chanzo chake ni ugomvi huo.

Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kaskazi na kusi, pepo zikaazo miezi na kutimiza ahadi zao, sharti ayaweke kando mazoea hayo. Bahari ya Tirreno wakati wa joto haina upepo wa tabia hiyo. Siku nyingi huwa shwari, upepo mwanana huamka adhuhuri na kulala magharibi. Kisha hutokea maestrale kutoka kaskazini-magharibi, au scirocco kutoka kusini-mashariki, ukavuma siku mbili tatu, na ghuba iliyokuwa himaya jana ikawa mtego leo. Idara ya hali ya hewa ya jeshi la anga la Italia hutoa taarifa ya bahari iitwayo Meteomar, nayo husikika mfululizo katika mkondo wa 68 wa redio ya VHF. Nahodha mwenye busara huisikiliza alfajiri, kwa kuwa maswali ya wageni huanza pamoja na kahawa.

Kwa hiyo apangaye njia hatangulizi kuuliza wapi pazuri. Huuliza: upepo ukigeuka usiku wa manane, tutakimbilia wapi? Katika visiwa hivi vyote, Vulcano ndicho kilijibucho swali hili vizuri zaidi. Kisiwa chenyewe kimeunganishwa na rasi ya Vulcanello kwa shingo nyembamba ya mchanga mweusi, na kila upande wa shingo hiyo pana ghuba: Porto di Levante mashariki, Porto di Ponente magharibi. Upepo wa magharibi ukivuma, yoti hulala mashariki. Ukigeuka, hung'oa nanga, huizunguka Vulcanello, na kwa muda mfupi huwa imehamia upande mwingine. Toka Milazzo, bandari ya Sisili, mpaka hapo ni mwendo wa asubuhi moja kwa chombo kiendacho fundo 5 au 6, na ndiyo sababu mimi nasema usiku wa kwanza wa wageni wapya uwe hapo na si penginepo, ingawa watalalamika kwa harufu ya kiberiti itokayo ardhini.

Nanga ndiyo elimu yenyewe. Kanuni ijulikanayo na mabaharia wote ni kwamba mnyororo utolewao uwe mara tano ya kina wakati wa shwari, na mara saba upepo unapozidi. Kwa hiyo penye kina cha mita 8 huhitajiwa mita 40, na upepo ukiamka, 56. Hilo si tatizo kwa yoti ya urefu wa mita 12, ambayo kwa kawaida huwa na mnyororo wa mita 60 hivi, au 80 ikiwa mwenyewe ni mtu wa hadhari. Lakini visiwa vya Eolie ni vilele vya milima iliyosimama chini ya bahari, na ukingo wake huteremka kwa ghafula: umbali mdogo kutoka ufukoni, bildi husoma mita 20, na mita 20 mara tano ni 100, mnyororo ambao chombo hakina. Hubaki basi ukanda mwembamba wa kina kifaacho, na hata ndani ya ukanda huo pana majani ya bahari yaitwayo posidonia, ambayo nanga huteleza juu yake bila ya kushika, na ambayo ni haramu kuyang'oa. Linalotafutwa ni doa la mchanga, nalo huonekana jua likiwa juu. Afikaye magharibi hutupa nanga kwa bahati. Mwezi wa Agosti, yoti thelathini zikiligombea doa hilo, kila mmoja hufupisha mnyororo ili asimgonge jirani, na hapo kanuni hufa: upepo wa usiku huja, nanga moja huburura, nayo huzichukua nyingine.

Maji ni hisabu nyepesi lakini hugombanisha watu zaidi. Tangi la lita 500, kwa watu sita watumiao lita 15 kila mmoja kwa siku, hutosha siku tano na ziada. Wakioga kama waogavyo nyumbani, lita 50 kila mmoja, siku ya pili haimaliziki. Visiwa hivi havina mito, na kwa miaka mingi maji yake yaliletwa kwa meli, kwa hiyo mgeni asitaraji kwamba kila gati litamjazia tangi. Wageni huogea baharini, kisha hujisuuza kwa maji matamu kidogo. Lisemwe kabla hawajapanda. Likisemwa siku ya tatu huwa lawama.

Stromboli ndicho kila mgeni hukitaka, nacho ndicho kisiwa kisichofaa kuahidiwa. Mlima wake, wenye kimo cha mita 924, hurusha moto mara kadhaa kila saa, na mteremko wa kaskazini-magharibi uitwao Sciara del Fuoco huyabeba mawe mekundu mpaka majini. Bandari ya kukinga yoti haipo. Pana nanga ya wazi mbele ya ufuko wa Scari, ifaayo siku za shwari tu. Mwaka 2002, tarehe 30 Desemba, sehemu ya mteremko huo iliporomoka baharini na kuinua mawimbi yaliyoipiga pwani ya kisiwa, jambo linalotosha kumfunza mtu asisogelee kwa ajili ya picha. Njia iliyo bora niionayo ni hii: kutoka Panarea mchana, mwendo wa saa mbili hivi, kula chakula cha jioni mbele ya Scari, kisha kuzunguka mlima jua likishatua, mtambo ukinguruma na nanga ikiwa juu, na kuelea mbali huku wageni wakitazama. Baada ya hapo hapatafutwi mahali pa kulala gizani. Yoti huendelea usiku kucha, polepole, kuelekea Tropea katika pwani ya Calabria, takriban maili 30, ambako pana bandari halisi na kutakuwa kumekwisha pambazuka. Wageni wawili kati ya sita watakataa kulala, na hao ndio wafaao kushika zamu.

Linabaki suala la kupokea na kuaga. Pana kauli kongwe miongoni mwa wenye vyombo kwamba mgeni huchagua siku au mahali, asichague vyote viwili. Na katika Eolie kauli hii imerahisishwa na meli ziendazo kasi ziitwazo aliscafi, ambazo huviunganisha visiwa vyote saba na Milazzo. Nahodha hana haja ya kuirudisha yoti Milazzo kinyume cha upepo ili mtu awahi ndege ya Catania: humshusha Salina au Lipari, kisha meli humchukua. Ila meli hizo nazo husimama bahari ichafukapo, yaani siku ile ile ambayo yoti nayo imekwama, kwa hiyo akiba ya siku moja kabla ya ndege ni lazima, na mgeni akataaye akiba hiyo heri asialikwe.

Wengi hutaka kuja Agosti kwa sababu ya likizo za shule, na Agosti ndiyo mwezi mbaya kuliko yote: karibu na tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, Italia nzima huwa baharini, magati hujaa kabla ya adhuhuri, na bei ya kulala humo hupanda bila haya. Juni ni bora. Septemba bahari bado ina joto na ghuba zimepungua watu, lakini ngurumo za vuli ya kule huanza, nazo hupiga usiku.

Na fedha? Sheria ya Italia ya vyombo vya starehe, ya mwaka 2005, hutenga matumizi ya nafsi na ya biashara, na nahodha apokeaye nauli huwa amevuka mpaka huo, akadaiwa karatasi asizonazo. Kwa hiyo hakuna nauli. Kuna mfuko mmoja wa chakula na gati, unaochangwa sawasawa siku ya kupanda, na mshika mfuko awe mmoja wa wageni, aendaye sokoni Lipari mwenyewe na kujionea bei ya nyanya.