Maji Tunayasikia Yakishafika Mlangoni

Tumemaliza kuisoma Taghribat al-Qafir, riwaya iliyompatia Zahran Alqasmi Tuzo ya Kimataifa ya Riwaya ya Kiarabu mwaka 2023, Mwomani wa kwanza kuipata. Ni kisa cha Salim bin Abdullah, mtu wa kijijini mwenye sikio la kuyasikia maji yaliyo chini ya ardhi. Mama yake alizama kisimani. Baba yake aliangukiwa na dari la falaji akafa. Vijiji vyenye kiu vikamwita yeye avitafutie chemchemi.

Kitabu ni kizuri, hilo halina ubishi. Ila sisi tuliosomea uhandisi tuna neno. Mzigo wote amebebeshwa mtu mmoja, ilhali falaji haiishi kwa mtu mmoja. Ina wakili wake, ina arifu wa kugawa zamu, ina bidari wa kuzibua na kukarabati, na ziko zamu za maji zinazopigwa mnada ili pesa zake ziitengeneze falaji yenyewe. Akiba huwekwa maji yangali yanapita. Si bure kwamba UNESCO iliziingiza falaji 5 za Oman katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Hapa Al Khuwair tuna wadi na lami. Juni 2007 kimbunga Gonu kiliua watu wapatao 50 nchini, barabara za Maskati zikawa mito, na mabomba yakakauka kwa kuwa mitambo ya kusafisha maji ya bahari ilisimama. Majirani tuligawana maji na wali bila ya kuulizana kwetu wapi. Oktoba 2021, Shaheen ilipoipiga Batina, watu walitoka kila pembe na mabeleshi na ndoo kwenda kuzoa tope.

Huo ni uungwana, nasi tunajivunia. Lakini kikoa chetu huanza maji yakishaingia sebuleni. Yakikauka, kila mmoja hufunga lango lake, na mtaro tuliouziba wenyewe kwa mifuko na vifusi tunawangojea wakubwa waje kuuzibua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Rai yetu: kila mtaa uwe na arifu wake, ajue ni mzee gani anaishi peke yake nyumba ya chini, ni mtaro upi umeziba, na ashike mfuko mdogo unaochangwa jua likiwaka. Sikio la Salim hatunalo, wala hatulihitaji. Mtaro ulioziba unaonekana kwa macho. Mwenye rai nyingine atuandikie.