Kalamu ya Mkono Wako Tu

Kule Japani kuna kampuni inaitwa Nakaya. Kabla ya kukutengenezea kalamu ya wino, wanakuuliza: unaishika kwa mlalo gani, unakandamiza karatasi kiasi gani, mwandiko wako ni wa haraka ama wa polepole? Kisha fundi anainoa ncha ya dhahabu kufuata majibu yako. Mwili ni wa ebonaiti, mpira uliopikwa na salfa, ukapakwa tabaka kadhaa za urushi, utomvu wa mti unaogandia kwenye unyevu, si juani.

Kazi safi, sibishi. Wino unashuka wenyewe, kwa hivyo mkono hauchoki mapema kama kwa biro. Shida ni ile ndoto inayouzwa nayo: ati ukiipata, utaandika. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharabainĩ kwa karatasi za choo, gerezani Kamiti, 1978.

Lakini pia tusigeuze uhaba kuwa sifa. Seremala akinunua randa nzuri hachekwi. Mwandishi akitaka kalamu nzuri, ati anaringa. Mbona?

Bei yake inaweza kulipa kodi ya bedsita Nairobi miezi kadhaa, na hiyo si siri ndogo kwa sisi tunaolipwa kwa makala. Ila soma tena yale maswali ya fundi. Mtu asiyeandika hawezi kuyajibu. Mwandiko hutangulia, kalamu ikafuata. Jaza daftari kwanza, hata kwa biro ya kuazima. Halafu, doo ikipatikana, agiza bila aibu.