Safu ya Nne ya Andalio la Somo

Andalio la somo halihesabiwi kuwa utanzu wa maandishi. Mwalimu huliandika usiku, au asubuhi kabla ya kengele ya mstarini, mwalimu mkuu hulitia saini, mthibiti ubora hulipitia siku akija, basi. Hata hivyo lina kanuni kali kuliko tanzu nyingi tunazozihakiki. Lina kichwa, lina jedwali, lina mkia, na kila sehemu inadai aina yake ya sentensi. Katika halmashauri nne za Handeni na Korogwe, mbili za miji na mbili za wilaya, mtoto wa Chanika na mtoto wa Manundu wanasoma chini ya jedwali moja. Kwa hiyo tunapouliza kama watoto wanajifunza kwa vitendo, pa kuanzia kuchungulia ni daftari la maandalio. Darasa tutaliingia baadaye.

Kichwa hutangulia: tarehe, darasa, muda, na kile kijisanduku cha idadi chenye walioandikishwa na waliohudhuria, wavulana kando, wasichana kando. Kisha umahiri, shughuli, zana na rejea. Chini yake huja jedwali, ambalo majina ya safu zake hubadilika kidogo toleo hadi toleo, lakini mpangilio ni uleule: hatua, muda, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi, upimaji. Safu ya tatu na ya nne zinatazamana. Mtaala wa KKK ulipoanza kutumika mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, ahadi yake kubwa kuhusu kusoma, kuandika na kuhesabu ilibidi itimie hapo katikati, kwenye mstari unaotenga safu hizo mbili.

Tuchukue mfano wa somo la Kuhesabu, darasa la pili, kutoa kwa kukopa. Safu ya tatu kwa kawaida itasomeka hivi: "Kuwaongoza wanafunzi kutoa namba kwa kukopa kwa kutumia vihesabio." Ya nne: "Kutoa namba kwa kukopa kwa kutumia vihesabio kwa kuongozwa na mwalimu." Ni sentensi moja, imegeuzwa upande. Ukiifuta safu ya nne hupotezi kitu, maana yote imekwishasemwa kwenye ya tatu. Vitenzi navyo havina mtu. Nani anatoa? Anashika nini? Anaanza na kipi? Maandishi yanamtaja mwanafunzi bila kumwona. Simlaumu mwalimu mwenye vipindi vinane kwa siku na madaftari ya kusahihisha yamerundikana mezani. Umbo lenyewe linamruhusu kuandika hivyo, tena linampa alama kamili.

Sasa tuijaze safu hiyo kwa vitenzi vinavyoonekana. Swali ni 42 kutoa 17. Kila kundi lina mafungu manne ya vijiti vya chelewa, kila fungu kumi, yamefungwa kwa uzi wa katani, ambao Korogwe si kitu cha kwenda kutafuta mbali, na vijiti viwili viko peke yake. Safu ya nne iseme: kujaribu kuondoa saba kwenye viwili na kukwama, kufungua fungu moja, kuchanganya vijiti vyake na vile viwili, kuondoa saba, kuondoa fungu moja zima, kuhesabu vilivyobaki. Hapo mtoto ana kazi. Na kitenzi kukwama ndicho ninachokitetea kuliko vyote. Ubaoni mwalimu hukata nne, huandika tatu juu yake, huweka moja ndogo ubavuni mwa mbili, na mtoto huipokea kama desturi ya wakubwa isiyoulizwa. Mkononi, uzi unapolegea na vijiti kumi vikatawanyika juu ya dawati, anaona jambo ambalo ubao hauwezi kumwonyesha: hakuna kilichoongezeka wala kilichopungua. Vilikuwa 42 kabla ya kufungua, ni 42 baada ya kufungua. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Hicho ndicho kiini cha kukopa, na kimo ndani ya umbo la lile fungu, kwa sababu limefungwa kwa namna ya kufunguliwa.

Kipimo hicho cha vitenzi vya mkono kinaweza kutumika pia kwa kadi za silabi, ambazo nazipenda waziwazi. Vipande vinne vya boksi la sabuni: ka, ta, ma, na. Mtoto akiweka ka kisha ta, anapata kata. Akivibadilisha nafasi, taka. Anajaribu kama, kana, nata, tama. Akiweka maka, mwenzake anamuuliza, maka ndiyo nini? Swali hilo halikuandikwa katika safu ya tatu wala ya nne, limetoka kwenye kadi zenyewe, maana kadi inaruhusu kukosea na kurekebisha bila kifutio na bila aibu. Muundo wa silabi za Kiswahili unaisaidia sana kazi hii, kwa kuwa nyingi huishia na irabu, na vipande hushikana vizuri. Kasoro ipo: mtoto anaweza kuikariri ka kama picha, asijue kwamba k hiyohiyo imo pia kwenye ku na ko, na akifika kwenye mb na ng' anasimama. Dawa yake ni mkasi. Akiikata kadi ya ka katikati, k ikawa huku na a kule, akaiunganisha k na u, amepiga hatua ambayo kadi nzima isingempa.

Tofauti ya kadi hizi na chati ya ukutani ni kubwa. Kwa miaka kadhaa sasa tumesifu madarasa yanayoongea, yale yaliyojaa manila, michoro, irabu kubwa za rangi na vizibo vilivyotungwa kwenye uzi dirishani. Yanapendeza, na mtoto anayetoka nyumba isiyo na kitabu hata kimoja anastahili kuzungukwa na maandishi. Lakini darasa likiongea, mtoto anasikiliza. Chati iliyobandikwa juu ya kimo chake haigeuzwi, haikatwi, haipangwi upya. Vile vizibo vya dirishani vingekuwa ndani ya kopo juu ya dawati vingekuwa vihesabio, pale juu ni pambo. Mthibiti ubora akiingia huona zana. Kwenye kichwa cha andalio pia zimeandikwa: zana, vizibo. Neno lipo na kitu kipo, ila mkono haujavigusa.

Yapo pia ambayo jedwali halina nafasi ya kuyaandika. Kipindi cha darasa la pili ni dakika 30. Kugawa vijiti, kuvikusanya, kutafuta vilivyoanguka chini ya madawati, kuamua ugomvi wa nani ashike, hayo yote yanakula muda, na safu ya muda haiyatambui. Sera inataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Baada ya sera ya elimu bila malipo kuanza kutekelezwa mwaka 2016 watoto walifurika, na zipo shule ambako 45 ni nusu tu ya darasa. Mwalimu akipiga hesabu hiyo kichwani anaona heri aoneshe yeye mbele, wao watazame. Anayetaka kubadilisha darasa hilo aanze kwa kulipa jedwali mstari wa kugawa na kukusanya, na kila kundi kopo lake linalokaa kwao wiki nzima.

Fedha peke yake haifungui fungu. Korogwe ilikuwa miongoni mwa wilaya kumi za utafiti wa KiuFunza wa mwaka 2013 na 2014, uliohusisha shule 350. Shule zilizopewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi bila jambo jingine hazikuonyesha maendeleo katika majaribio ya watoto. Zile ambako ruzuku iliambatana na bahasha ya mwalimu kulingana na matokeo zilipanda. Utafiti ule ulipima motisha, haukupima vijiti vya chelewa, nami sitaulazimisha useme zaidi. Ila unakubaliana na daftari letu katika hili: kitu kununuliwa ni jambo moja, kitu kutumika ni jingine.

Mkia wa andalio ni tathmini, na hapa ndipo umbo linapolegea kabisa. "Somo limeeleweka, wanafunzi wengi wamefikia lengo." Sentensi hiyo inafaa somo lolote, siku yoyote, Kabuku au Mombo. Mwalimu ambaye safu yake ya nne ilikuwa na vitenzi vya mkono angekuwa na la kuandika: makundi sita yamefungua fungu yenyewe, mawili yamehesabu vijiti vyote upya kuanzia moja, kundi la dirishani limeondoa saba kwenye fungu bila kulifungua, likabakiwa na vitatu na vile viwili, jibu limetoka sahihi. Kesho niwaombe waonyeshe wenzao njia yao kwa 53 kutoa 28.